Mtoto wa mbwa hafundwi kwa mnyororo wala pilipili

Ndugu mhariri,

Salaam aleykum na poleni na kazi. Naomba unipe nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda sasa, nikilisema barazani watu wananisikiliza vizuri tu wanatikisa vichwa alafu wanarudi makwao wanafanya yale yale.

Huku kwetu Tanga, nazungumzia Mabawa, Makorora, Mikanjuni ninapokaa mimi mpaka kule Kange na Pongwe ambako watu wanajenga kwa kasi, siku hizi kila anayehamia nyumba mpya anataka mbwa. Wala simlaumu mtu. Fensi bado, geti la mabati, taa ya barabarani hakuna, baba anasafiri na kazi anaacha mama na watoto peke yao, lazima mtu atafute kitu cha kumshtua kibaka. Basi anapewa mtoto wa mbwa na jamaa yake, anamleta kwenye boksi nyuma ya bodaboda, akifika anatafuta kamba ya katani anamfunga shingo chini ya mwembe, na hapo ndo kashamaliza kazi ya kufuga. Akilia usiku anarushiwa kandambili. Akikojoa barazani anakula ufagio. Akimkimbilia mtoto wa jirani ili wacheze anafukuzwa kwa mawe. Na kuna wanaomtilia pilipili kwenye ugali, wengine nimewasikia kwa masikio yangu wanasema wanamchanganyia na gongo, eti awe mkali. Inapita miezi, mbwa kakua, siku kamba inakatika, wa kwanza kukutana nae ni mtoto anayetoka chuoni na juzuu yake kwapani, anang'atwa. Hapo mtaa mzima unatoka na marungu, mbwa huyu mbaya auliwe, na anauliwa kweli, na wiki mbili baadae mwenye nyumba yule yule analeta mwingine kwenye boksi.

Mimi nimekulia kwenye mbwa. Marehemu baba alikuwa na mbuzi kule Pongwe na alikuwa anafunda mbwa wake kwa mluzi na dagaa wakavu aliokuwa anatembea nao mfukoni, mpaka mashati yake yote yananuka dagaa, na sijawahi kumwona akimnyanyulia mbwa fimbo. Mbwa wale walikuwa wanalala na mbuzi, wanakwenda nao malishoni, na mgeni akija usiku husogei. Kwa hiyo ninapoandika hapa nayajua ninayoyasema, na sasa hivi ninae mwingine mdogo hapa nyumbani, tumempa jina la Simba, ndo tuko nae kwenye mafunzo.

Kwanza niseme habari ya huu ukali maana hapo ndo penye kosa lote. Mzee mmoja jirani aliniambia, mama wewe unamharibu huyo mbwa, akizoea watu atabweka lini? Nikamwambia mzee wangu shikamoo, lakini hebu tuangalie mbwa wa kamba anavyobweka. Anambweka mwenye nyumba akirudi, anambweka muuza samaki, anabwekea baiskeli, anabwekea nazi ikidondoka, anabweka kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Sasa usiku wa manane akibweka nani anaamka? Hakuna anaeamka, mnajigeuza tu upande wa pili mnasema ndo kawaida yake, na mwizi nae anajua hilo. Mbwa anayejua watu wa nyumba yake na majirani zake na sauti za mtaa wake anakaa kimya muda wote, siku akibweka unajua kuna jambo unashika tochi unatoka. Huyo ndo mlinzi. Na kubweka hakufundishwi kwa pilipili, kunakuja kwenyewe mbwa akianza kukua, miezi sita, saba, wengine mpaka mwaka. Mtoto wa miezi mitatu hana zamu ya ulinzi, huyo kazi yake kula, kulala na kujifunza, na kulala kwenyewe ni masaa kumi na nane mpaka ishirini kwa siku.

Alafu kuna kitu wengi hawakijui na ningeomba wakishike hata wakisahau mengine yote. Mtoto wa mbwa kuanzia wiki ya 3 mpaka kama wiki ya 14 hivi akili yake iko wazi, anachokiona na kukisikia na kukinusa kipindi hicho bila kutishwa anakihesabu ni cha kawaida maisha yake yote, na asichokutana nacho kipindi hicho baadae anakiogopa, na mbwa akiogopa kitu na hana pa kukimbilia anang'ata. Mbwa wengi wanaong'ata ovyo ni waoga. Sasa wewe ukimfunga chini ya mwembe nyuma ya nyumba wiki zote hizo ataonana na nani? Ataona ukuta na kuku. Akija kukutana na mama kavaa baibui na nikabu, mzee wa kanzu na bakora, mwenye mwamvuli, mchuuzi kabeba tenga kichwani, watoto wanaokimbia wanapiga kelele, bajaji, muadhini kwenye spika, vyote hivyo kwake ni hatari. Na mji wetu ni mji wa baiskeli, mbwa asiyezoeshwa baiskeli akiwa mdogo atakimbiza kila baiskeli inayopita na siku moja atamwangusha mtu.

Sisi Simba tulikuwa tunambeba kwenye kikapu. Nasema kubeba kwa sababu kabla hajamaliza chanjo usimshushe kwenye majalala na vichochoro wanapopita mbwa koko, kuna ugonjwa unaitwa pavo, anatapika na kuharisha damu na ndani ya siku chache anakufa, na virusi vyake vinakaa ardhini muda mrefu. Lakini kusubiri chanjo kusiwe sababu ya kumfungia gizani. Mwanangu wa pili anamweka kwenye kikapu cha ukili anakaa nae kwenye benchi la nje jioni watu wanapotoka sokoni, mtu akipita anamtupia kipande kidogo cha mapupu, wapo waliokuwa wanacheka, wapo waliokuja kumwangalia, na yeye anatafuna tu masikio yamemsimama, akisikia pikipiki anageuka kumwangalia mwanangu kuona kama kuna kipande kingine kinakuja. Yaani pikipiki imekuwa habari njema. Hiyo ndo kazi nzima ya kumzoesha, hakuna uganga mwingine.

Na msiwachukue mapema. Mtu anasikia mbwa wa jirani kazaa, watoto wakifungua macho tu, na macho wanafungua karibu na wiki ya pili, kashapanga foleni. Mwacheni na mama yake angalau wiki 8. Kule kwa mama na ndugu zake ndo anajifunza kuzuia meno, akimng'ata nduguye kwa nguvu nduguye anapiga kelele na kuacha kucheza, mama nae anamkoromea, ndo anaelewa kumbe hapa nimezidisha. Mkimtoa na wiki 4 hilo somo hakulipata, mtalifundisha nyinyi kwa vidole vyenu.

Usiku wa kwanza atalia. Jamani atalia, huyu katoka kwenye joto la mama na ndugu watano kalazwa peke yake kwenye saruji. Kuna wanaosema mbwa akilia usiku ni mkosi, kamwona mtoa roho, ndo wanamtoa kwa mawe, lakini kitoto kinalilia mama yake. Mkienda kumchukua nendeni na kitambaa, mmfute nacho mama yake na wale ndugu zake mrudi nacho na harufu yao, mkiweke anapolala. Jaza maji ya moto chupa ya plastiki, izungushie khanga kuukuu, weka pembeni yake. Mlaze mahali anaposikia watu, sisi tulimweka kwenye kibaraza cha nyuma karibu na dirisha la chumba cha wavulana, akilia mmoja anamwambia kitu kwa sauti ya chini anatulia. Siku chache tu kilio kimekwisha.

Sasa habari ya kukojoa, ambayo ndo inawagombanisha watu majumbani. Mbwa mdogo kibofu chake kidogo, wa miezi miwili ukimwambia akae masaa manne unamuonea. Nyakati zake zinajulikana, akiamka tu, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na katikati hapo kila baada ya muda, na usiku mara moja lazima mtu aamke. Chagueni kona moja. Yetu iko nyuma ya mwarobaini, kila mara anapelekwa pale pale, unasimama, husemi nae habari nyingine wala huchezi nae, unangoja. Akichuchumaa unasema neno lenu, sisi tunasema "kojoa", akimaliza tu, namaanisha hapo hapo kabla hajapiga hatua, unamsifu na kumpa kipande. Ukisubiri mpaka mrudi barazani ndo umpe, yeye anajua kapewa kwa kurudi barazani. Mbwa anaunganisha kitu na kile kilichofuata sekunde hiyo hiyo, kwa hiyo na adhabu ni vile vile, ukikuta mkojo wa saa nzima iliyopita ukamburuta ukamsugua pua kama wengi wanavyofanya, anachojifunza ni kwamba mikono yako ina hatari, basi. Atakwenda kukojoa uvunguni usikomwona. Ukimkuta anakojoa mahali sipo mnyanyue kimya kimya mpeleke kwenye kona yake amalizie huko, na pale alipokojoa paoshwe na sabuni na siki mpaka harufu itoke kabisa maana pua yake ndo inayomrudisha.

Meno. Ana meno kama sindano na anataka kuyajaribu kwenye kila kitu, miguu ya watoto, pindo la dera, mkeka. Anapong'ata mkono wakati wa kucheza sema "ai" mara moja, simama, mpe mgongo, mchezo umekwisha. Baada ya kitambo kidogo mnaendelea. Akirudia unaondoka tena. Anaelewa haraka kuliko mnavyodhani, sharti kila mtu afanye hivo hivo, isiwe mama anamkataza kung'ata alafu mjomba akija anamchokoza kwa mkono mpaka ang'ate watu wacheke. Kuanzia mwezi wa nne mpaka wa sita anabadilisha meno, fizi zinamuwasha, kipindi hicho kandambili zitaliwa kama haziwekwi juu. Chukueni kitambaa kizee mkifunge mafundo, mkiloweke maji ya baridi, mpeni hicho atafune. Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, inavunjika vipande vyenye ncha vinamchoma tumbo.

Hapa kwenye kufundisha maneno ndo penye raha yake na naomba watu wajaribu hata leo jioni. Chukua mapupu au maini, chemsha bila chumvi wala kitunguu, kitunguu ni sumu kwa mbwa, kata vipande vidogo kama punje ya hindi. Chagua wakati hajala, mahali palipotulia. Kipande kimoja kishike kwa vidole viwili mbele ya pua yake mpaka akinuse, alafu kipandishe taratibu kuelekea nyuma juu ya kichwa chake. Pua inafuata, shingo inanyanyuka, makalio yanashuka yenyewe. Yakigusa mchanga tu, sema "vizuri" na mpe. Usimkandamize mgongo kwa mkono. Rudia mara chache, akishakuwa anakaa kila unaponyanyua mkono ndo uanze kulisema neno "kaa" kabla ya mkono, na baada ya siku kadhaa neno peke yake linatosha. Dakika tano zinatosha kwa mara moja, mara mbili tatu kwa siku, akianza kunusa nusa pembeni ujue kachoka, acha. Ukitoka hapo sasa unalipeleka neno kwenye kazi, akae kabla sahani haijawekwa chini, akae kabla geti halijafunguliwa. Mbwa anayekaa geti likifunguliwa hatoki mbio barabarani kugongwa na hamrukii mgeni.

Neno "njoo" lilindeni sana. Msimwite mbwa njoo alafu akija mkampiga, au mkamfunga, au mkamwogesha kwa lazima. Kila akija apate jema. Watoto wa mtaani wana tabia ya kumwita mbwa akifika wanampiga teke, hilo wazazi tulikemee kwa nguvu, mbwa aliyefanyiwa hivo siku ya hatari, gari linakuja, ukimwita hatakuja.

Na nyumba nzima ikubaliane maneno. Kwetu tuliandika kwenye karatasi tukabandika mlangoni jikoni, kaa, njoo, acha, kojoa, lala. Ilikuwa baba watoto anasema "kaa", binti anasema "siti" kama kwenye video, bibi yao anasema "tulia wewe", mbwa anaangalia midomo hajui ashike lipi.

Wanaosema bila fimbo mnyama hafunziki nawaomba wafike Morogoro, wala sio mbali. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine ndo walipo APOPO wanaofunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Panya! Na wanawafunza kwa mlio mdogo wa kubofya, mlio ukisikika panya anajua kapatia na anapewa ndizi au karanga. Mmoja wao alikuwa anaitwa Magawa, kazaliwa hapa hapa Tanzania, akapelekwa Kambodia, mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la kutibu wanyama la Uingereza, panya wa kwanza kuipata, na mpaka anastaafu alikuwa kanusa zaidi ya mabomu mia moja. Angepigwa angejificha kwenye tundu, asingemtafutia mtu bomu. Njia hiyo hiyo ya mlio na ndizi ndo baba yangu alikuwa anaifanya kwa mluzi na dagaa bila ya mtu kumfundisha.

Najua swali linalofuata, maana naulizwa kila siku, mama wewe Muislamu unaswali unafugaje mbwa. Sisi Waislamu wa pwani wengi ni wa madhehebu ya Shafii na mate ya mbwa kwetu ni najisi, chombo alichokilamba kinaoshwa mara saba na moja yake kwa udongo, hilo halina mjadala nyumbani kwangu. Ndo maana Simba ana sahani yake na ndoo yake, analala nje kwenye banda lake, haingii chumbani wala panaposwaliwa, na anayemfunza ana nguo zake za kazi hiyo anabadilisha kabla ya swala. Lakini mbwa wa ulinzi na wa mifugo na wa kuwinda karuhusiwa, na tumesoma wote habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumteremkia kisimani mbwa mwenye kiu akamnywesha kwa kiatu chake. Kumweka mbali na mswala ni jambo moja, kumpiga na kumshindisha na njaa ni jambo lingine kabisa, na hili la pili hakuna shekhe aliyeniambia linajuzu. Tena mafunzo ndo yanayonisaidia mimi kuswali kwa raha, mbwa aliyefundwa hakurukii wala hakulambi mikono, anakaa anakusubiri. Na sheria ya nchi nayo ipo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inakataza kumtesa mnyama, kwa hiyo huyo wa pilipili na gongo ajue.

Kuhusu kamba sisemi mbwa asifungwe kabisa, mji una magari na watu wana kuku wao. Ninachosema kamba isiwe ndo maisha yake. Mzoeshe kola taratibu, mvalishe wakati anakula ili asiiwaze, vidole viwili vipite kati ya kola na shingo, na kila wiki uangalie maana anakua, nimeona mbwa kola imemzamia kwenye nyama kwa sababu alivalishwa mdogo hakuna aliyekumbuka kuilegeza. Mjengeeni banda la mabanzi lenye kivuli na maji, bei ya mabanzi hata sio kubwa, jua letu la Tanga mwezi wa pili mnalijua wenyewe. Hapo mchana mnaweza kumweka mkiwa na shughuli, na asubuhi na jioni atoke na mtu.

Kuku nao wanafundishika, yaani mbwa anafundishika kwa kuku. Mshike na kamba ukae nae karibu na kuku wanapodonoa, akiwakodolea subiri, sekunde atakayogeuza macho kukuangalia wewe mpe kipande. Siku nyingi, taratibu, unasogea. Mimi kuku wangu sasa wanapita mbele ya Simba kalala. Ule mtindo wa kumfunga kifaranga aliyekufa shingoni mpaka aoze, eti akome, ni ukatili na haumfundishi kitu.

Na mafunzo yote haya bila chanjo ni kazi bure. Dawa ya minyoo aanze akiwa na wiki 2, arudie kila baada ya wiki mbili mpaka afikishe miezi mitatu, maana minyoo ya mbwa inaingia mchangani na watoto wetu wanacheza mchangani peku. Chanjo ya mchanganyiko, ya kukinga pavo na distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, inaanza wiki ya 6 mpaka ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki ya 16. Na chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, alafu arudie kama bwana mifugo atakavyomwandikia kwenye kadi. Hiyo usiikose hata kama huna hela ya nyingine. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakina dawa, na karibu visa vyote vya binadamu vinatokana na mbwa, na Shirika la Afya Duniani linasema karibu 4 katika kila 10 ya wanaokufa nacho ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtu aking'atwa, hata mkwaruzo, kidonda kioshwe na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, saa iangaliwe, msipake majivu wala pilipili wala nywele za mbwa, alafu hospitali siku hiyo hiyo akapate sindano, na azimalize zote alizopangiwa.

Ndo maana ndugu mhariri nina maombi. Kwanza kwa mabwana mifugo wa kata zetu, tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, naomba tangazo la chanjo lipite kwenye spika za misikiti na makanisa wiki moja kabla, litaje mahali na saa, maana sasa wengi tunapata habari baada ya timu kuondoka. Wenyeviti wa mitaa nao wanazijua nyumba zenye mbwa, wapite. Pili, tuna chuo cha mifugo hapa hapa mjini, Buhuri, kina vijana wanasomea wanyama, naona wangeweza kuja mitaani Jumamosi moja moja wakatuonyesha kwa vitendo namna ya kumshika mtoto wa mbwa, kumvalisha kola, kumfundisha kukaa, watu wa Tanga tunapenda kuona kwa macho. Mimi kiwanja changu kiko wazi na Simba yupo wa kuonyeshea. Tatu ni kwako wewe, kama itawezekana mtafute daktari wa mifugo awe anajibu maswali ya wasomaji gazetini hata mara moja kwa mwezi, mimi ninayo ya kuanzia, kubwa ni la kupe, maana huku kwetu mvua za masika zikishakatika wanakuwa wengi mno na dawa za dukani ziko za kila aina, mtu hujui ipi inafaa kwa mbwa mdogo na ipi itamuua.

Wako msomaji,
Mama wa Mikanjuni,
Tanga